Jua likiwaka korongoni, mzazi asidhani mafuriko hayako njiani

Ni saa nne asubuhi, Jumamosi ya likizo ya Aprili. Familia ya watu watano kutoka Nairobi imefika penye kituo cha askari wa wanyamapori, karibu na mahali ambapo wageni huanza kushuka korongo la Ol Njorowa katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, Naivasha. Baiskeli za kukodi zimeegeshwa chini ya mti. Jua linawaka na anga ni samawati. Mtoto wa kwanza, mwenye umri wa miaka 13, ameshika simu tayari kupiga picha. Kitindamimba wa miaka mitano amevaa viatu vipya alivyonunuliwa kwa ajili ya siku hii.

"Leo hakuna kushuka," askari anawaambia. "Korongo limefungwa."

Baba anatazama juu. "Afande, kwani mvua iko wapi?"

"Hapa haiko, mzee. Huko juu ilinyesha usiku, na mawingu bado yapo."

Mtoto wa pili anamvuta mama mkono. "Mama, si Baba aliahidi?"

Kisa hiki ni cha mfano, lakini mzazi yeyote aliyewahi kuwapeleka watoto matembezi anakijua. Pesa zimeshalipwa kwenye eCitizen. Mafuta ya gari yameingia. Watoto hawakulala vizuri kwa furaha. Pembeni kuna kijana anayedai anajua njia nyingine ya kuteremka bila kupita kwa askari. Katika dakika hiyo mzazi hupima mambo mawili: hasira ya watoto anayoiona kwa macho, na maji asiyoyaona. Ni rahisi sana kuamini kile kinachoonekana.

Maji yanatoka wapi?

Ol Njorowa ni korongo lililochongwa na maji. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba zamani za kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na maji yake yalitokea upande wa kusini yakikata majivu na mawe laini ya volkano. Ziwa lilipopungua, njia ile ilibaki. Leo mgeni hupita chini kati ya kuta ndefu zilizolainishwa na kupindwapindwa, na penye wembamba mtu mzima akinyoosha mikono hugusa pande zote mbili. Eneo lenyewe ni kame. Mara nyingi kinachoonekana chini ni kijito ambacho hakifuniki hata kifundo cha mguu, pamoja na chemchemi za maji moto zinazotokana na joto la ardhini, lile lile linalozalisha umeme hapo jirani Olkaria.

Uzuri huo na hatari yake vina asili moja. Mahali palipochongwa na maji ni njia ya maji, hata kama yamekawia kurudi.

Katika nchi kame, udongo uliopigwa na jua kwa wiki nyingi hushindwa kumeza mvua kubwa inayonyesha kwa muda mfupi. Maji huteleza juu ya ardhi, vijito huungana, na vyote huelekea kwenye ufa mmoja. Maji ambayo uwandani yangetawanyika na kuwa tope, yakibanwa ndani ya upenyo wa mita mbili hayana pa kwenda ila kupanda juu na kuongeza kasi. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 pekee yanaweza kumwangusha mtu mzima, nayo hayajafika hata magotini. Mafuriko ya korongoni pia hayaji yakiwa maji matupu. Hubeba matope, mawe na magogo.

Ndiyo maana anga lililo juu ya korongo halimwambii mzazi lolote la maana. Wingu linaloweza kuleta maut huenda liko kilomita nyingi mbali, nyuma ya kilima, mahali ambapo mtu aliye chini kati ya kuta mbili hawezi kupaona. Kutoka chini yeye huona utepe tu wa anga, na utepe huo unaweza kuwa mweupe mpaka dakika ya mwisho.

Mikasa iliyokwisha kutokea

Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa moja la Nairobi walikufa baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta ndani ya korongo hili. Walikuwa wamekwenda matembezi ya siku moja, kama ambavyo maelfu ya Wakenya hufanya. Septemba 2019, wageni waliokuwa matembezini pamoja na mwongozaji wao walisombwa humo humo, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likalifunga korongo.

Mikasa hiyo miwili ina mafunzo tofauti kwa mzazi. Wa kwanza ulitokea katikati ya masika, na ni vyema kukumbuka kwamba likizo ya shule ya Aprili huangukia msimu huo huo kila mwaka. Likizo ya mwisho wa mwaka nayo huanza vuli ikiwa bado inaendelea. Kwa maneno mengine, nafasi ambazo familia nyingi hupata za kutembea ndizo nyakati ambazo korongo haliaminiki. Mkasa wa pili ulitokea mwanzoni mwa Septemba, wakati ambao si wa masika wala vuli. Kwa hiyo kalenda husaidia, lakini haitoi hakikisho.

Nchi nyingine zenye makorongo ya aina hii zina majeraha kama hayo. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika Antelope Canyon, jimbo la Arizona nchini Marekani, sehemu ya jangwa inayojulikana duniani kote kwa picha zake. Dhoruba iliyowaua ilinyesha mbali, sehemu za juu, na maji yakasafiri hadi walipokuwa. Nchini Jordan, Oktoba 2018, mafuriko ya ghafla karibu na Bahari ya Chumvi yaliua watu wapatao 20, wengi wao wakiwa wanafunzi waliokuwa kwenye ziara ya shule.

Katika visa hivi vyote, waliokufa walikuwa watu wa kawaida waliotoka asubuhi wakitarajia kurudi jioni. Jangwani na katika nchi kame watu hubeba chupa nyingi kwa kuogopa kiu. Ni wachache wanaoogopa kuzama.

Uamuzi ufanywe nyumbani

Mzazi anayesubiri kufika ukingoni ndipo aamue, tayari amechelewa. Pale ukingoni kuna machozi ya watoto, kuna simu zinazopiga picha, kuna familia nyingine inayoshuka huku ikicheka. Akili iliyotulia iko nyumbani, usiku wa kuamkia safari, mezani baada ya chakula. Hapo maswali manne yanatosha.

La kwanza ni kuhusu mvua. Je, katika siku mbili tatu zilizopita imenyesha wapi, na kesho inatarajiwa wapi? Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri unaopatikana kwa simu. Kosa la kawaida ni kutazama Naivasha peke yake. Miinuko yote inayoizunguka inahusika, kwa sababu huko ndiko maji huanzia safari. Utabiri ukitaja mvua kubwa au radi popote katika eneo hilo, korongo liondolewe kwenye ratiba mara moja. Mbuga yenyewe inaweza kubaki.

La pili ni saa. Katika Bonde la Ufa, mvua nyingi za radi hujengeka mchana baada ya ardhi kupata joto. Familia inayoingia korongoni asubuhi na kutoka kabla ya saa sita hukwepa sehemu kubwa ya hatari hiyo, na pia hukwepa jua kali. Familia inayoanza na chakula cha mchana na kushuka saa nane hujiweka katikati ya yote mawili.

La tatu ni nani anashuka. Mtoto anayehitaji kubebwa hapaswi kuingia. Sababu yake ni rahisi: mtu mzima mwenye mtoto mgongoni hawezi kukwea ukuta kwa haraka, maana anahitaji mikono yote miwili. Kwa wanaotembea wenyewe, kila mtoto awe na mtu mzima wake mmoja anayejua kwamba huyo ndiye wa kumshika endapo lolote litatokea. Familia ya wazazi wawili na watoto watatu haitoshelezi hesabu hiyo. Huenda mzazi mmoja akabaki juu na mdogo wakati mwenzake anashuka na mkubwa, kisha wabadilishane. Inachukua muda zaidi, lakini ni hesabu inayowezekana.

La nne ndilo gumu kuliko yote: ni nani mwenye neno la mwisho? Katika ziara za kanisa, chama au ukoo, kila mtu humtazama mwenzake. Hakuna anayetaka kuonekana mwoga, wala kuharibu siku ya wengine. Kundi lichague mtu mmoja kabla ya kuondoka, na wote wakubaliane kwamba akisema "turudi", wanarudi bila mjadala. Hata kama baadaye itaonekana maji hayakuja, asilaumiwe. Wakimlaumu, safari ijayo hatathubutu kusema.

Namna ya kuahidi

Ahadi kwa mtoto ni jambo zito, na wazazi wengi hujifunga wenyewe kwa maneno. "Jumamosi tutashuka korongoni" ni ahadi ambayo mzazi hana uwezo wa kuitimiza, kwa sababu mwenye kuamua ni hali ya hewa. "Jumamosi tutaenda Hell's Gate, na afande akikubali tutashuka" ni ahadi ya kweli. Mtoto akisikia neno "akikubali" siku tatu mapema, anapofika na kukataliwa atanuna, lakini hatahisi amedanganywa.

Ni vizuri pia awe ameambiwa mpango wa pili wakati ule ule, tena kwa furaha ile ile. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambapo mgeni anaweza kuendesha baiskeli au kutembea kwa miguu kati ya pundamilia, twiga, ngiri na swala. Kuna mnara wa mwamba wa Fischer karibu na lango la Elsa. Korongo lenyewe linaweza kutazamwa kutoka juu, mahali salama, mbali na ukingo. Ziwa Naivasha liko karibu. Siku haijaharibika kwa kukosa kitu kimoja.

Joto, kiu na maji ya kuunguza

Siku ambayo korongo liko wazi na anga limetulia pande zote, bado afya ya watoto inahitaji maandalizi. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upepo wake hupoza ngozi na kumfanya mtu asahau jua, ilhali miale ya jua huwa mikali zaidi kadiri mtu anavyopanda juu. Kofia pana na shati la mikono mirefu humlinda mtoto vizuri.

Mtoto akicheza hasikii kiu mpaka amechelewa. Mzazi asingoje aombe maji. Ampe mafundo machache kila baada ya dakika 15 hadi 20. Kwa matembezi ya saa chache, lita moja kwa kila mtoto na lita mbili kwa mtu mzima ni kiwango cha chini. Mkojo wa rangi ya manjano iliyokolea, midomo mikavu, kulia bila machozi, kuumwa kichwa na hasira isiyo na sababu ni dalili kwamba mwili umepungukiwa na maji. Mtoto huyo apelekwe kivulini, avuliwe nguo za ziada, na anyweshwe kidogo kidogo. Pakiti ya ORS kwenye mkoba haina uzito. Ikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Mtoto aliyechanganyikiwa, anayeongea ovyo, aliyezirai au mwenye mwili unaochoma kama jiko amevuka kiwango cha huduma ya nyumbani. Amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe hospitali mara moja.

Chemchemi za korongoni nazo zinavutia watoto, ambao hutaka kugusa kila kitu. Baadhi ya maji yanayotiririka ukutani ni ya kuunguza. Maji ya nyuzijoto 60 humchoma mtoto vibaya ndani ya sekunde chache. Akiungua, nguo iliyolowa iondolewe ikiwa haijagandamana na ngozi, pamoja na bangili, kisha sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na siagi visipakwe. Lengelenge lisipasuliwe. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe kwa daktari.

Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye soli isiyoteleza. Ndala huachwa garini, kwa kuwa miamba yenye maji na mwani huteleza hata kwa mtu mzima.

Dalili za kutoka mara moja

Kabla ya kushuka, mzazi amuulize mwongozaji swali moja: "Tukihitaji kutoka haraka, tunatokea wapi?" Mwongozaji anayelijua korongo ataonyesha kila njia ya kupanda wanapoipita. Asiyeweza kujibu asifuatwe.

Wakiwa ndani, watu wazima wawe na macho na masikio. Kijito kilichokuwa safi kikigeuka rangi ya kahawia, vijiti na majani vikianza kuelea, maji yakipanda hata kidogo, upepo wa baridi ukivuma ghafla kutoka upande wa juu, au ukisikika mngurumo kama wa lori lisiloonekana, wakati wa kujadiliana umekwisha. Hakuna kurudi kuchukua begi, kiatu wala simu. Hakuna kukimbia kufuata mkondo kwa matumaini ya kuyashinda maji mbio. Kila mtu mzima amshike mtoto wake na kupanda juu, mahali pa juu kabisa panapofikika, na kukaa hapo. Wimbi la kwanza likipita, wasishuke. Huenda lingine linafuata.

Kati ya kuta zile mtandao wa simu hauaminiki, kwa hiyo mtu aliyebaki juu ajue saa ambayo wenzake wanapaswa kuwa wametoka. Saa hiyo ikipita, aende kwa askari wa KWS bila kungoja. Nambari za dharura 999 na 112, na ile ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, ziwe kwenye simu yake kabla ya safari.

Heri nusu shari

Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Familia ile ya mfano ilisimama penye kituo cha askari kwa dakika kama kumi. Kijana wa pembeni alisogea na kunong'ona bei yake. Baba alimtazama mama, na mama akatikisa kichwa. "Twende tukale," akasema. "Chapati zinapoa."

Walikula karibu na mwamba wa Fischer, huku wakiwa macho na nyani wanaopenda chakula cha wageni. Mtoto wa pili hakutaka kuzungumza na mtu. Kifungua mimba alipiga picha za twiga. Kitindamimba alichafua viatu vyake vipya kwa vumbi na hakujali lolote. Mchana wote jua liliendelea kuwaka, na hakuna aliyejua kama maji yalipita kule chini au hayakupita. Mzazi anayefanya uamuzi sahihi mara nyingi hapati ushahidi wa kuwaonyesha watoto.

Walipofika barabara kuu jioni, yule wa pili alivunja ukimya. "Baba, tutarudi lini?"

"Likizo ya Agosti," baba akajibu. "Na afande akikubali, tutashuka."